Jina Lililo kwenye Listi

Jumatatu, Julai 4

Mshahara wa Juni haukutoka. Walimu wenzangu walipokea tangu Ijumaa. Mimi nilipanga foleni benki asubuhi yote, na nilipofika kwenye gishe kijana alipitisha kidole kwenye listi akaniambia hakuna mtu wa jina langu. Akasoma lililopo: "Madame Mugisho." Nikamwambia Mugisho ni mume wangu. Akasema basi Madame Mugisho ni wewe. Nikakubali. Akaomba karte.

Karte yangu ya kupigia kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu hapa Kongo, inasema Nabintu. Kisha inafuata postinomu, yaani jina la baba yangu, kisha jina la ubatizo. Mugisho hayupo popote. Kijana akanirudishia: "Hii karte si ya mtu aliye kwenye listi."

Nyuma yangu watu walikuwa wengi, nikatoka. Kwenye soko la Nyawera nilichukua samaki wa sambaza na mboga ya lengalenga kwa deni, kwa mama mmoja anayenijua kwa sura. Hakuuliza jina.

Jumanne, Julai 5

Sekretere wa shule ndiye aliyenibadilisha jina. Ni mtu mwema, alichangia ndoa yetu mwezi wa tano na akaja na mke wake. Alipoandaa listi mpya ya walimu alifuta jina langu kwa ile dawa nyeupe, akangoja ikauke, akaandika Madame Mugisho kwa herufi nzuri. Amenionyesha nakala yake. Weupe wa dawa umevimba kidogo juu ya karatasi, na ukiielekeza kwenye dirisha bado unaona Nabintu chini yake.

"Mama, nilifikiri utafurahi," alisema. Sikuwa na hasira naye. Nilimwambia kwamba hata komini hawakuthubutu kufanya alichofanya. Siku tulipofunga ndoa Ibanda, karani aliandika jina langu lote kama lilivyo kwenye karte, na la Mugisho lote, kila mmoja na lake, tukatia sahihi. Sheria ya Familia ya Agosti 1, 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, haiachi mlango hapo: jina la mtu halibadilishwi, si lote wala nusu yake, wala herufi zake, wala mpangilio wake, isipokuwa mahakama iruhusu kwa sababu ya haki. Dawa nyeupe si mahakama.

Listi imeshafika Kinshasa. Inatakiwa barua ya kuomba marekebisho, ipitie ofisi ya jimbo. Tulianza kuichapa, umeme ukakatika. Nikaiandika kwa mkono. Sekretere akasema barua ya mkono haipokewi.

Jioni nilimweleza Mugisho. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kwa nini usiongeze langu mwishoni tu, kama wanavyofanya wakubwa?" Ni kweli mke wa Rais magazeti yanamwandika Denise Nyakeru Tshisekedi, la kwao kwanza na la mume mkiani. Lakini wiki iliyopita tulikaa sisi wawili mbele ya televisheni tukitazama jino la Lumumba likizikwa Kinshasa, na kila alipotajwa mjane wake, aliyefariki mwaka 2014, tulisikia Pauline Opango. Hakuna aliyeuliza kama alimpenda mume wake.

Mugisho hakujibu. Alienda kuchota maji kabla hayajakatika.

Alhamisi, Julai 7

Barua imechapwa, imegongwa muhuri, imeondoka.

Kwenye AVEC, kikundi chetu cha kuweka akiba, mambo yamekuwa mabaya zaidi. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wa mitaa tofauti ya Kadutu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kila anayenunua hisa hugongewa mihuri kwenye daftari lake mbele ya wote. Ni utaratibu mzuri, nauheshimu kuliko benki. Tatizo ni kwamba tangu ndoa mwandishi ananiita Mama Mugisho, kwa upendo, na kwenye kikundi kuna Mama Mugisho mwingine, mama mtu mzima wa Funu ambaye kifungua mimba wake ni Mugisho. Hisa zangu za mwezi mzima zimegongwa kwenye daftari lake.

Yule mama alikuwa wa kwanza kusema. Alifungua daftari, akahesabu mihuri kwa ukucha, akasema: "Hii si jasho langu." Ilibidi kikao kisimame, sanduku lifunguliwe upya, pesa zihesabiwe, mihuri ikatwe kwa wino mwekundu na wanawake wote watatu watie sahihi pembeni. Wengine walikosa usafiri wa kurudi Panzi kwa sababu yangu.

Nikaomba kitu kimoja: mdomoni mniite mtakavyo, Mama Mugisho, Madame, hata bibi harusi mpaka nizeeke. Kwenye daftari andikeni Nabintu. Mwenyekiti akasema hicho ni kiburi cha wasomi. Yule mama wa Funu akamjibu kabla yangu: yeye mwenyewe kwenye daftari ni Mama Mugisho kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake. Wakamuuliza. Anaitwa Machozi. Ameandikwa Machozi.

Jumamosi, Julai 9

Tumepanda Kabare kwa wazazi wa Mugisho. Kiangazi, vumbi jekundu, motari ametufungia mifuko ya chumvi na sabuni mbele ya miguu. Mama mkwe alitupokea kwenye njia ya migomba, akanyoosha mikono yote miwili, akaniita kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya kijito: "M'Balagizi!"

Balagizi ni baba yangu. Huku Bushi mwanamke akiolewa hapoteziwi baba. Kwenye ua wa mume ndiko jina la baba yake linakotamkwa zaidi, M'Balagizi, binti wa Balagizi, ili kila mtu ajue ametoka nyumba gani, ng'ombe walienda kwa nani, na akionewa ni wazee gani watakaokuja kukaa kwenye viti hivi kuuliza. Mama mkwe mwenyewe ana zaidi ya miaka arobaini katika ua huu na bado shemeji zake wanamwita kwa jina la baba yake. Mzee huyo alikufa zamani, lakini jina lake hutajwa hapa kila siku, mara kwenye mambo ya maharagwe, mara kwenye mambo ya mbuzi.

Nilimsimulia kuhusu mshahara. Hakuelewa mwanzoni. Alidhani nimesema serikali imenipa mume mwingine. Alipoelewa alimgeukia mwanawe: "Wewe Mugisho, tulipeleka ng'ombe kwa Balagizi. Jina lake tulilinunua lini?"

Nimelala nikiifikiria sentensi hiyo. Watu wa mjini wananiambia kubaki na jina langu ni mambo ya kisasa ya wanawake waliosoma. Mama huyu hajakaa darasani hata siku moja. Madame Fulani ndiyo ngeni, imeingia na misheni na ofisi za Wabelgiji, na sisi tumeishika kama kwamba tuliikuta kwa mababu.

Jumapili, Julai 10

Kwenye matangazo ya misa walishukuru "Bwana Mugisho na Madame" kwa mchango wa paa. Mchango ulikuwa wangu. Mugisho alikohoa.

Jumanne, Julai 12

Wifi yangu anayeishi Liège ametuma mzigo: viatu, vitabu vya darasa langu, sufuria mbili. Juu ya kartoni ameandika Madame Mugisho. Wakala alikataa karte yangu. Nikampigia Mugisho, akaacha kazi, akaja na karte yake. Wakala akamwambia: hapa imeandikwa Madame, wewe ni Monsieur. Tukarudi nyumbani kutafuta akte ya ndoa, tukaileta, akataka fotokopi, mashine ya jirani ilikuwa imeishiwa wino. Sufuria zimelala kwa wakala.

Nilimpigia wifi usiku. Nikamuuliza yeye karte yake ya Ubelgiji imeandikwaje. Akasema kwa jina la baba yao, kama siku aliyozaliwa, na ameolewa miaka mingi na Mbelgiji. Kule ndoa haigusi jina la mtu. Binamu yao aliyeko Montreal naye ni vilevile: sheria ya Quebec tangu mwaka 1981 inamwachia mke jina lake. "Sasa mbona mimi uliniandika Madame Mugisho?" Alinyamaza kidogo. Akasema: "Nilidhani nyinyi huko nyumbani ndivyo mnavyopenda."

Alhamisi, Julai 14

Nimemtembelea baba huko Bagira. Nilikwenda kwa mambo ya dawa yake ya presha, tukaishia kwenye majina.

Baba alibatizwa Gaspard. Nchi ilipoitwa Zaire, Oktoba 27, 1971, yeye alikuwa mtoto wa shule. Januari iliyofuata Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na majina ya Kikristo yakapigwa marufuku. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, ikambidi aende Roma. Mapadre walitishiwa jela wakibatiza mtoto kwa jina la mtakatifu wa Ulaya. Hapo ndipo postinomu ilipoingia kwenye karatasi zetu.

Haya yamo vitabuni. Lisilomo vitabuni ni mwalimu aliyekaa mezani barazani, wanafunzi wamepanga mstari, kila mmoja anatakiwa kutaja jina la mababu la kujaza nafasi ya lile lililofutwa. Baba alitaja la babu yake, likaandikwa vibaya, likabaki hivyo mpaka leo. Mbele yake alisimama mtoto yatima aliyelelewa na masista, asiyemjua babu yeyote. Mwalimu alimtazama, akatazama mstari uliokuwa nyuma yake, akamwandikia jina la kwanza lililomjia. Baba anasema mtoto yule alirudi darasani akilikariri njia nzima asilisahau.

Diploma ya baba haina Gaspard. Cheti cha ubatizo hakina postinomu. Alipoomba nafasi ya masomo Kinshasa, ofisi moja ilisema hao ni watu wawili, na nafasi ikapita. Baada ya hotuba ya Rais ya Aprili 24, 1990, utawala wa chama kimoja ulipokwisha, watu walianza tena kuitana Gaspard na Joséphine barabarani bila kutazama nyuma. Lakini karatasi zilikuwa zimekwisha fanya kazi yake.

Hata mji huu, alinikumbusha, wakati babu anajengewa nyumba yake ya matofali Kadutu uliitwa Costermansville, kwa jina la Mbelgiji mmoja mkubwa wa serikali. Wenyeji waliendelea kusema Bukavu, na mwishowe ramani ikawafuata.

Hapo nilielewa kwa nini nafsi yangu inakataa. Katika familia yetu, kila mara mtu aliyekaa mezani alipotubadilisha jina alikuwa na sababu nzuri: wokovu, uhalisi wa Mwafrika, na sasa heshima ya ndoa. Aliyelipa ni yule wa kwenye mstari.

Nilisahau kumpa baba dawa. Nilikumbuka nimeshafika Place de l'Indépendance, nikarudi.

Jumatatu, Julai 18

Shemeji yetu wa Nairobi amefika. Yeye alichukua jina la mume na halijutii, ila anasema lilimgharimu: pasipoti, benki, vyeti vya uuguzi, kila ofisi na ada yake. Anaona watoto wake wana raha, shule haiulizi kwa nini mama na mtoto hawafanani majina. Hilo nilimkubalia, ni hoja ya kweli. Mkongo anayehamia nchi ambako familia nzima hutumia jina moja husumbuka sana, maana kwetu hata ndugu wa tumbo moja kila mtu anaweza kuwa na jina lake, na karani wa kigeni huwaona kama watoto wa kuokota. Lakini karani huyo afundishwe. Watoto wangu nitakaojaliwa hawatabadilishwa kwa ajili yake.

Nikamuuliza kuhusu Wangari. Alikuwa Wangari Muta. Akaolewa na Mwangi Mathai, akachukua jina lake, akalijengea heshima ya chuo kikuu na ya miti. Ndoa ilipovunjwa mahakamani mwaka 1979, mume akataka jina lake lirudi. Mwanamke akaongeza herufi moja katikati, akawa Maathai, na hilo ndilo Kamati ya Nobel ililolisoma mwaka 2004. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi, na ni ushindi. Mimi naona pia mwanamke aliyelazimika kutafuta herufi ya kujificha ndani yake, kwa sababu alichokijenga kilikuwa kwenye kiwanja cha mwingine. Samia Suluhu Hassan ameolewa tangu mwaka 1978 na mzee wake Hafidh Ameir. Aliapishwa urais wa Tanzania kwa jina la baba yake, kama wanawake wa Kiislamu wa Unguja wanavyofanya vizazi na vizazi, na sijasikia kwamba nyumba yao imepungukiwa na kitu.

Shemeji aliuliza: "Na Mugisho anasemaje?" Mugisho alikuwa akikaanga sambaza. Akasema: "Mimi nilimwoa Nabintu. Madame Mugisho simjui." Sambaza ziliungua kidogo upande mmoja kwa sababu sote tuliacha kuzitazama.

Jumatano, Julai 20

Benki. Jibu la barua halijafika. Afisa mwingine, mkubwa kuliko yule kijana, akapendekeza njia ya mkato: mume wangu aandike barua ya kuniruhusu kupokea. Nikamwambia ruhusa ya mume iliondolewa kwenye sheria mwaka 2016. Akasema anajua, ila ingesaidia.

Mugisho angeiandika kwa dakika mbili. Nilikataa. Nyumbani hakuna sukari. Tumekunywa chai chungu, na Mugisho amesema ina ladha.

Jumatatu, Agosti 1

Sikukuu ya Wazazi. Asubuhi ni ya waliokufa, mchana ni wa walio hai. Tulishuka makaburi ya Ruzizi na jembe na panga, sisi na nusu ya mji.

Jina langu ni la bibi, mama yake baba. Yeye alikuwa Nabintu kabla yangu, aliuza ndizi na akasomesha watoto wote. Msalaba wake ni wa saruji. Nimeung'olea nyasi miaka yote bila kuusoma vizuri, kwa maana nilijua aliyelala pale. Leo niliusoma. Umeandikwa Veuve, kisha jina la babu, kisha miaka. Nabintu halimo. Mtu asiyetujua akipita ataona mjane wa mtu fulani, basi.

Baba alisimama. Akasema siku ile fundi aliuliza tuandike nini, na watu waliona hiyo ndiyo heshima.

Sikukuu ya leo imeangukia tarehe ya ile Sheria ya Familia, nikamwambia baba. Hakupendezwa na sheria. Alipendezwa na kijana mmoja wa rangi na brashi aliyekuwa akizunguka makaburini akitafuta kazi. Wakapatana bei. Kijana akaandika jina juu ya lile la babu, kwa rangi nyeusi, na akaruka herufi: NABITU. Akafuta kwa kitambaa chenye petroli, kikabaki doa kubwa la kijivu, akaandika tena juu yake. Sasa ni NABINTU, kubwa kuliko maandishi mengine yote, na limeinama upande wa ziwa. Baba amelipa bei kamili.

Mchana tulikula sombe kwake Bagira. Amemtuma mdogo wangu amtafute yule kijana wiki ijayo, maana pembeni kuna shangazi wawili walioandikwa vilevile.

Alhamisi, Agosti 4

Mshahara wa Julai umetoka. Listi mpya inasema Nabintu, postinomu, jina la ubatizo, kwa mpangilio wake. Kijana wa gishe alilinganisha karte na listi neno kwa neno, akahesabu noti, akaniita Madame, nami nikaitika vizuri.

Wa Juni bado. Umerudi Kinshasa ukimtafuta Madame Mugisho, na sekretere ameniambia kuurudisha kunahitaji barua ya pili inayoeleza kwamba mtu huyo hayupo. Tumeichapa leo mapema, kabla umeme haujakatika. Kabla ya muhuri alinisomea jina langu herufi moja moja, akaniuliza kama ni sawa. Nimelipa deni la sambaza. Mama wa Nyawera aliandika kwenye daftari lake kwamba nimemaliza, na safari hii aliniuliza jina.